Hesabu na Sababu: Ibn Khaldun, Quetelet na Google

Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi ambayo leo ni Algeria, Ibn Khaldun, mwanahistoria mzaliwa wa Tunis, aliandika kitabu chake Muqaddima. Humo aliwashutumu wanahistoria waliopokea hesabu kubwa bila kuzipima. Walidai kwamba Nabii Musa aliongoza wapiganaji 600,000 na ushei. Yeye akahoji: nchi ile ingewalishaje? Wangepigana vipi ilhali wa upande huu hawajui yanayotokea upande ule? Kwake, habari hupimwa kwanza kwa namna watu wanavyoishi. Wingi wa idadi si ushahidi.

Karne nne na nusu baadaye, Mbelgiji Adolphe Quetelet aliona kinyume chake. Alikuwa mwanaastronomia, mtu aliyezoea kufuata mwendo wa sayari kwa hesabu. Mwaka 1835 alichapisha kitabu kuhusu mwanadamu akakusudia kuanzisha fizikia ya jamii. Takwimu za mahakama za Ufaransa zilimshangaza: idadi ya mauaji, na hata aina za silaha zilizotumika, zilijirudia mwaka hadi mwaka kwa tofauti ndogo. Hakuna awezaye kusema nani ataua kesho, lakini umma mzima huacha mkondo unaotabirika.

Wote wawili waliamini kwamba jamii ina kanuni. Walipotofautiana ni mahali pa kuanzia. Ibn Khaldun alianza na sababu: dola huzaliwa kwa asabiya, yaani mshikamano wa kundi, kizazi cha pili huzoea raha za mjini, cha tatu husahau ugumu uliowapa babu zao ushindi, na kwa kawaida miaka 120 haipiti dola haijaporomoka. Alikuwa na mifano michache, mingi ya Maghrib, na maelezo mengi. Quetelet alikuwa na mifano tele na maelezo haba. Kila mmoja alilipia upungufu wake. Dola ya Waothmani, iliyokwisha kusimama Ibn Khaldun alipokuwa akiandika, ilidumu hadi 1922. Naye Quetelet alibaki na “mtu wa wastani”, kiumbe wa makaratasi ambaye hakuna aliyewahi kukutana naye.

Watabiri wa zama za intaneti ni warithi wa Quetelet, ila wana daftari kubwa kuliko alilowahi kuliota. Mwaka 2008 Google ilizindua mradi wa kukadiria mafua nchini Marekani kwa kuangalia maneno ambayo watu huyatafuta mtandaoni. Mgonjwa humuuliza Google kabla ya daktari, kwa hiyo kampuni ingeweza kuuona ugonjwa mapema kuliko takwimu za CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambazo huchelewa wiki moja au mbili. Wahandisi walilinganisha maneno milioni 50 na takwimu hizo, wakabakiza 45 yaliyoshabihiana nazo zaidi.

Mwaka 2009 homa ya mafua ya nguruwe iliingia nje ya msimu, na mradi haukuishtukia. Katika msimu wa 2012 na 2013 mradi huo ulikadiria takriban mara mbili ya kile CDC ilichokiona. Mwaka 2015 Google iliacha kutoa makadirio hayo. Uchambuzi ulioongozwa na mtafiti David Lazer mwaka 2014 ulionyesha kwamba ukichuja maneno mamilioni, yapo yatakayopanda pamoja na mafua kwa sababu tu yote ni mambo ya majira ya baridi, kama vile mpira wa kikapu wa shule za sekondari. Tena Google yenyewe ilikuwa ikibadilisha huduma yake, ikiwapendekezea watu maneno zaidi ya kutafuta. Makarani wa mahakama za Ufaransa hawakumshawishi mtu aue; kisanduku cha kutafutia kilikuwa kikichochea kilekile kilichokuwa kikihesabiwa.

Je, daftari kubwa halina faida? Kenya inatoa jibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wanasayansi waliunganisha rekodi za simu za watu karibu milioni 15 na ramani za malaria, wakaonyesha jinsi safari za watu zinavyosambaza vimelea kutoka ukanda wa Ziwa Victoria, Nairobi ikiwa miongoni mwa vituo vikuu vya kupokea. Hapa sababu ilijulikana kabla ya hesabu: mbu anauma, vimelea vinasafiri ndani ya damu ya abiria. Simu ziliulizwa jambo moja tu, nani huenda wapi, nazo zilikuwa na uwezo wa kulijibu.

Kwa hiyo sioni haja ya kuchagua kati ya mzee wa Tunis na mwanaastronomia wa Ubelgiji. Hesabu ingemwonya Ibn Khaldun kuhusu miaka yake 120. Sababu ingewaonya wahandisi kuhusu mpira wa kikapu. Lakini lipo sharti la tatu. Takwimu za Quetelet zilitoka katika taarifa za serikali zilizochapishwa, na mpinzani wake angeweza kuzirudia mwenyewe. Google haikuyaweka hadharani maneno yake 45. Ibn Khaldun, katika kitabu kilekile, aliwakatalia wapiga ramli kwa kuwa ufundi wao haukusimama juu ya hoja yoyote. Anayetutabiria leo kwa data asiyoruhusu ikaguliwe anatudai imani ileile waliyoidai wao.