Maji ya Kimulot Yapimwe Wakati wa Mvua

Chemchemi iliyojengewa saruji na kuwekewa bomba huchukuliwa na wengi kuwa salama, na ikishapimwa mara moja ikafaulu, haipimwi tena. Kwa Kimulot, katika eneo la Konoin, Kaunti ya Bomet, utaratibu huo ni hatari. Hapa nyumba, mazizi na vyoo vya shimo viko mitelemkoni pamoja na majani chai, nazo chemchemi ziko bondeni. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, kinyesi kilichorundikana juu ya ardhi wakati wa kiangazi huteremka na maji. Sampuli iliyochotwa Januari haiwezi kutuambia lolote kuhusu Aprili.

Hali hii haiko Kimulot pekee. Mapitio ya tafiti kutoka nchi zinazoendelea, yaliyochapishwa na Kostyla na wenzake mwaka 2015, yalionyesha kwamba kwa jumla uchafuzi wa kinyesi katika vyanzo vya maji huzidi msimu wa mvua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani nao hauna mzaha: bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya kinyesi, hawapaswi kuonekana kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa. Tope la masika huongeza tatizo, kwani hupunguza nguvu ya klorini.

Kiangazi nacho kisipuuzwe. Chemchemi inapodhoofika, familia huhamia mtoni, na mto haumo katika orodha ya vyanzo vilivyokaguliwa. Kwa hiyo mpimaji awafuate wachotaji kokote waendako, hadi kwenye mitungi yao nyumbani. Utafiti wa Kremer, Leino, Miguel na Zwane uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2011 uligundua kwamba kuhifadhi chemchemi kulipunguza uchafuzi kwenye chanzo chenyewe kwa asilimia 66, lakini katika maji yaliyowekwa nyumbani upungufu ulikuwa asilimia 24 tu. Naiona tofauti hiyo kuwa hoja nzito kuliko zote: anayepima chemchemi peke yake hajapima maji yanayonywewa na mtoto.

Kuna pia mbolea ya chai, yenye naitrojeni nyingi, ambayo huweza kufika majini kama naitreti. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti, ambayo kikomo chake katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Nayo ipimwe, hasa baada ya mbolea kutiwa.

Pingamizi la gharama lina uzito, kwa sababu sampuli za bakteria zinapaswa kuwekwa kwenye ubaridi na kufika maabara upesi, ndani ya saa 24 kwa vyovyote. Hata hivyo, vipo vifaa vya kupimia papo hapo maji yanapochotwa, na vipimo vichache vilivyopangwa kwa kufuata mvua vina faida kuliko vingi vya kiangazi. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kaunti ya Bomet ipange vipimo vya Aprili kabla ya mvua kufika, na matokeo yabandikwe penye chemchemi, kwa Kipsigis na Kiswahili.