Kopo la Bibi: Viungo vya Kusaga na Njia ya Ujiji

Nyumbani kwetu Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura, viungo vilivyosagwa havikai jikoni karibu na mbabula. Hukaa chini ya kitanda cha bibi, ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko unaobana, na unga wenyewe hauzidi vijiko vitano. Karafuu, iliki, pilipili manga, mdalasini na bizari nyembamba hubaki nzima chupani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uchoyo. Niliposoma juu ya misafara ya karne ya 19 ndipo nilipoanza kubadili mawazo.

Bibi alizaliwa Buyenzi, na wazee wake walitoka Ujiji. Ujiji ndiko ilikokomea njia ya misafara kutoka pwani kupitia Tabora. Biashara iliyowatajirisha wakubwa ilikuwa ya pembe na watumwa, hilo tusilifiche. Viungo vilikuwa vya chungu cha nyumbani tu. Lakini safari ilikuwa ndefu mno. Waingereza Burton na Speke waliondoka Unguja Juni 1857 wakaliona Ziwa Tanganyika Februari 1858, miezi minane. Hata msafara uliokwenda kasi kuliko wao ulipita kwenye jua, mvua na mito kwa miezi kadhaa. Harufu ya kiungo imo katika mafuta yake. Punje nzima huyafunga ndani; ukiisaga, mafuta hukutana na hewa na kuruka, na joto na mwanga huyaharakisha. Unyevu nao huleta ukungu. Kwa hiyo naamini aliyetaka pilau yenye harufu huko Ujiji alihitaji viungo vizima na kinu cha kutwangia.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Wabelgiji, waliokuwa wakitawala Ruanda-Urundi, walipewa sehemu ya bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mzigo uliokuwa ukichukua miezi sasa ungeweza kusafiri kwa garimoshi na meli. Kwa hesabu ya kawaida, desturi ya kutunza viungo vizima ingekufa hapo. Kwa bibi haikufa. Sokoni unga umejaa, umefungwa katika vifuko vya plastiki vinavyoanikwa juani tangu asubuhi, lakini yeye hupita bila kugeuka. "Punje naijua kwa sura," husema, "unga nitamuuliza nani?"

Mwaka 2015 mitaa yetu ilipochafuka, tulitoka usiku na vitu vichache. Nilikuwa darasa la tano. Tulikaa kwa ndugu zetu Ujiji karibu mwaka mzima, yaani tulirudi kule kule walikotoka wazee, ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria historia. Tuliporudi Mutakura mlango ulikuwa umevunjwa na redio haikuwepo, lakini kopo na chupa walikuwa wameviacha. Bibi alifungua kopo akaninusisha: vumbi, kama unga wa mbao. Kisha akavunja iliki moja kutoka chupani kwa meno, akanipa. Ilinuka kama Idi. Alilia, na mimi sikujua anamlilia nani.

Siku hizi kazi ya kusaga ni yangu. Nakaanga kavu kwa moto mdogo, natwanga kiasi cha wiki moja, nachota kwa kijiko kikavu, sinyunyizi kutoka koponi juu ya sufuria inayotoa mvuke. Mara ya kwanza nilifunika kopo viungo vikiwa bado vya moto. Jasho likaganda chini ya mfuniko, na kwa kuwa ilikuwa masika, siku ya nne tukakuta ukungu. Bibi hakunigombeza. Alimwaga vyote, akaosha kopo, akaliacha juani siku nzima, akanirudishia mchi.