Mwili Unapomgeukia Mwenyewe: Habari za Baridi Yabisi

Leo nitawasimulia jambo ambalo madaktari wengi walikataa kulisadiki kwa muda wa miaka hamsini: kwamba kinga ya mwili, ambayo ni askari wa kutulinda na vijidudu, huweza kumgeukia mwenye nyumba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mtaalamu wa Kijerumani, Paul Ehrlich, aliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wenzao. Miili yao ikatengeneza kinga ya kuiharibu damu hiyo ngeni, lakini damu yao wenyewe haikuguswa. Ehrlich akasema kuwa mwili huchukia kujitia sumu, na wengi wakalishika neno hilo kama sheria. Mwaka 1904, mjini Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner walionyesha wagonjwa ambao, wakipigwa na baridi, kinga yao huharibu damu yao wenyewe hata mkojo ukawa mwekundu. Watu walisoma, wakapita. Ndivyo tulivyo sisi wasomi. Tukishakariri sheria, ushahidi hutuudhi.

Wakati huo wagonjwa wa baridi yabisi waliendelea kuumia. Sisemi maumivu ya magoti ya uzee. Nasema ule ugonjwa unaovimbisha vifundo vya mikono yote miwili, na asubuhi vidole vimekakamaa hata kufunga kifungo cha nguo ni kazi. Shangazi yangu alikuwa nao, na majirani walisema amerogwa na mke mwenzake.

Huko Rochester, Marekani, palikuwa na daktari aitwaye Philip Hench. Mwaka 1929 aliona ajabu: mgonjwa wake wa baridi yabisi alishikwa na manjano, na maumivu ya viungo yakatulia. Baadaye akaona vivyo hivyo kwa wanawake waliochukua mimba. Basi akawaza, pengine mwili wenyewe unayo dawa. Mwenzake, Edward Kendall, alikuwa akichunguza vitu vitokavyo katika tezi zilizo juu ya mafigo, na kimojawapo ndicho kilichoitwa kortisoni. Kukipata kulikuwa kugumu mno, mpaka wakemia walipojua kukitengeneza kwa kuanzia na nyongo ya ng'ombe. Septemba 1948 wakamdunga bibi mmoja wa miaka 29 ambaye kuinuka kitandani kulimtaabisha. Baada ya siku chache akatoka kwenda mjini kununua vitu. Mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, wakapewa Tuzo ya Nobel.

Na ile sheria? Ilivunjika mwaka 1956, wakati Ivan Roitt na Deborah Doniach, mjini London, na wenzao, walipoikuta katika damu ya wagonjwa wa tezi ya shingo kinga inayoipiga tezi yao wenyewe.

Lakini furaha ya 1948 ilikuwa na gharama. Walioitumia kortisoni kwa wingi walivimba uso, mifupa ikadhoofika, na dawa ilipokatwa ugonjwa ulirudi. Ndiyo maana siku hizi madaktari hutumia pia dawa nyingine, kama methotreksati, ambayo kwa baridi yabisi hutumiwa mara moja tu kwa juma. Ndugu msikilizaji, ukiimeza kila siku ukidhani utapona upesi, yaweza kukuua.

Na wewe uliyepewa vidonge vya prednisoloni, ambavyo ni jamaa ya kortisoni, usivitupe siku utakayojisikia mzima. Ukivitumia kwa muda mrefu, zile tezi za juu ya mafigo hulala, na ukiviacha ghafula mwili hubaki mikono mitupu. Mtu huweza kuzimia, hata kufa. Mwambie daktari kwamba wataka kuviacha, naye atavipunguza kidogo kidogo, mpaka tezi ziamke.