Kilimo cha gunia Kibera: mboga bila shamba

Kilimo cha gunia ni kupanda mboga kwenye gunia lililosimamishwa na kujazwa udongo. Jijini Nairobi kinajulikana sana Kibera, ambako nyumba zimebanana na nafasi ya bustani ni shida.

Kilishika kasi kuanzia 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Ufaransa la Solidarités International lilipowasaidia wakazi kuanzisha magunia yao.

Kinafanyaje kazi? Changanya udongo na samadi. Katikati ya gunia weka nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu, ndiyo inayopitisha maji. Toboa matundu pembeni, kisha panda sukuma wiki au spinachi juu na kwenye matundu. Ukichuma majani ya chini tu, mmea unaendelea kuzaa.

Tatizo kubwa ni maji, maana wengi Kibera wananunua kwa mtungi. Maji yaliyooshea mboga yanafaa. Ya mtaro usiguse: yanaweza kubeba vijidudu na hata madini ya risasi.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini.