Habari za Mitaa ya Nairobi, na Jinsi Mgeni Alivyopata Mahali pa Kulala



Kamati iliponiagiza niandike kurasa chache za historia katika taarifa ya mwaka huu, nilidhani yatakiwa mambo ya asili yetu na safari za babu zetu, kama ilivyo desturi. Walakini Mwenyekiti alinifungulia faili la barua zitokazo nyumbani, akaniambia nilisome kwanza. Nikaona kwamba barua nyingi, ijapokuwa zimeandikwa na watu mbalimbali, zauliza jambo moja tu: kijana wetu amepata kazi Nairobi, je, akae mtaa gani, ambapo kodi ya chumba haitaumeza mshahara wake, wala yeye mwenyewe hatakuwa hatarini? Swali hili si la leo. Waliotutangulia waliliuliza pia, nao kwa muda mrefu hawakuwa na ruhusa ya kulijibu wenyewe.

Yafaa tukumbuke kwamba Nairobi haikuanzishwa kwa sababu mtu alipaona kuwa ni mahali pema pa kukaa watu. Reli ilipofika mwaka 1899, wajenzi wake walitaka uwanja tambarare wa kupangia mabehewa na kuhifadhi vyuma kabla ya kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Wamasai walipaita kwa jina la maji yake baridi, na maji hayo yalikuwa mengi, maana palikuwa na kinamasi. Tauni ilipozuka mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto. Kisha mwaka 1913 akaletwa mtaalamu wa afya, Profesa Simpson, naye akashauri kwamba kila taifa likae upande wake. Tangu hapo likawa jambo la sheria na ramani: Wazungu wakapewa vilima vya magharibi penye udongo mwekundu, ambapo maji ya mvua huteremka na kwenda zake; Wahindi wakawa karibu na soko; nao Waafrika wakasukumwa mashariki, uwandani, penye udongo mweusi unaonata.

Mwalimu wetu katika shule ya misioni alitufundisha kuchora ramani ya mito ya Ulaya, lakini hakuna aliyetufundisha kuusoma udongo. Ni hasara, kwa kuwa udongo huu mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na nyumba isiyo na msingi wa kutosha hupasuka pamoja nao. Mgeni akienda leo kutazama chumba upande wa mashariki, na autazame ukuta karibu na sakafu. Ufa ulioanzia chini na kupanda juu utamweleza mengi kuliko maneno ya mwenye nyumba.

Kabla ya kuwako mtaa wowote wa Manispaa, watu wetu walikuwa wamejijengea vijiji vyao wenyewe kando ya mji. Kilichokuwa na sifa kuliko vyote kilikuwa Pangani. Nyumba zake zilikuwa za miti na udongo, nyingi zimeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyoshwa, zenye ujia katikati na vyumba huku na huku, kwa mfano wa nyumba za pwani. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na vingine akavipangisha. Humo mgeni alipata kitanda, chakula, na mtu wa kumwonyesha njia ya kwenda kazini. Si wachache miongoni mwa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake. Najua kwamba wako wazee ambao hawapendi kusikia habari za wanawake wa Pangani, kwa sababu ya pombe na mengineyo yaliyosemwa juu yao. Hata hivyo historia yataka haki. Mwanamke ambaye kijijini hakuweza kurithi hata kipande cha shamba, Nairobi aliweza kuwa na nyumba yake, na vijana wengi waliofika bila ndugu walilala chini ya paa la mama wa namna hiyo.

Manispaa haikuvipenda vijiji hivyo. Tangu mwaka 1921 hivi ilianza kupima viwanja Pumwani, ikaweka njia, maji na vyoo, ikawaambia wakazi wa vijiji vingine wahamie huko wakajenge kwa fedha zao wenyewe. Sehemu hiyo waliyoijenga ndiyo iitwayo Majengo hata leo. Mtu alilipa ada ya kiwanja, akajenga, akapangisha. Lakini hakupewa hati ya kumiliki ardhi. Nyumba ilikuwa yake, bali ardhi iliyokuwa chini ya nyumba haikuwa yake. Naomba wanachama walishike neno hili, maana ndilo jambo ambalo limewaumiza watu wetu katika jiji hili kuliko wezi wote.

Pangani ilidumu mpaka mwaka 1939, ikabomolewa yote. Wakazi wake walihamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba zilizojengwa na Manispaa kwa ajili hiyo. Zilikuwa imara kuliko zile za udongo, hilo halikanushiki. Lakini mtu aliyekuwa mwenye nyumba Pangani aliingia katika nyumba ya Manispaa, chini ya amri zake. Jina lenyewe, Shauri Moyo, ni kama jibu la mtu aliyeulizwa neno naye akageuka pembeni. Twaona majina ya mitaa yetu yalivyo ya kupendeza, Starehe, Bahati, Maringo, na aliyefika kwa mara ya kwanza angedhani yalitolewa na wenyeji walioshiba.

Wakati huo wote mgeni hakuwa na uhuru wa kusema, nitakaa hapa au pale. Alichukua kipande shingoni, na kipande kilimtaja mwajiri wake. Aliyeajiriwa na Reli alipata chumba katika landi za Muthurwa, na siku alipoachishwa kazi chumba nacho kilikwisha. Wengine walilala Kariokor, mahali palipopewa jina la Kikosi cha Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, katika mabweni ya wanaume. Kwa desturi ya siku zile mtu hakukodi nyumba, wala pengine chumba, alikodi kitanda. Mshahara ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala watoto, kana kwamba familia yake yote ingelishwa na shamba la nyumbani. Jambo hilo lilikubaliwa waziwazi na kamati ya Bwana Carpenter mwaka 1954, iliposhauri kwamba mshahara wa chini umtoshe mtu pamoja na jamaa yake.

Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940, ilikuwa ya namna nyingine. Wafungwa wa vita wa Kiitalia walitiwa katika kazi ya ujenzi wake, na nyumba zake za mawe zilipangwa kwa ajili ya familia, zikawa na nafasi za majani na miti, pamoja na ukumbi wa mikutano. Vyama vingi kama hiki chetu vilikutana katika ukumbi huo. Humo zilisemwa habari za mazishi, za michango, za kijana aliyefika jana bila mahali pa kulala. Wazee waliokuwako husema kwamba ubora wa Kaloleni haukuwa mawe wala vigae, bali kwamba jirani alimjua jirani.

Lakini kujuana nako hakukumkinga mtu na kila jambo. Ambrose Ofafa aliuawa Kaloleni mwaka 1953, na kabla yake, mwezi wa Novemba 1952, aliuawa Tom Mbotela. Mitaa iliyojengwa baadaye ikapewa majina yao. Tarehe 24 Aprili 1954 askari wakauzunguka mji wote, wakapita nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu pamoja na Waembu na Wameru, wakapelekwa kizuizini. Mtu aliamka asubuhi akiwa mpangaji mwenye kitanda, sufuria na baiskeli, jioni hana hata kimoja.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, mlango wa jiji ulikuwa wazi, wala hapakuwa na wa kumwuliza mtu kipande. Watu wakaja kwa wingi kuliko nyumba. Jiji lilijaribu. Katika mpango wa Dandora, ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja 6,000 vyenye maji na choo, na mwenye kiwanja akaachiwa ajenge vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Wengi walijenga wakapangisha, kama Majengo miaka hamsini kabla. Wasiopata kiwanja walienda penye nafasi, na nafasi ilibaki mahali ambapo hakuna mwingine aliyepataka: katika machimbo ya mawe ya Mathare, kando ya mito, chini ya nyaya za umeme, juu ya mabomba.

Hapa historia yaingia katika barua zilizo kwenye faili la Mwenyekiti. Zamani mgeni aliambiwa na Serikali akae wapi. Siku hizi huambiwa na bei. Nayo bei ya chumba haiwi ndogo bure. Ama maji hayafiki, ama njia ya kwenda kazini ni ndefu, ama ardhi si ya yule anayeipokea kodi, ama kuna hatari ambayo wenyeji waijua na mgeni haijui. Sinai, katika eneo la viwanda, watu walikuwa wamejenga karibu na bomba la mafuta. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja yakaingia mferejini, yakashika moto, wakafa watu wapatao 100. Huruma, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, nyumba ya ghorofa sita iliyosimama kando ya mto ilianguka baada ya mvua kubwa, na waliokufa walikuwa kama 50. Mvua za Aprili 2024 zilipoijaza mito, maji yaliwachukua watu wa Mathare, kisha Serikali ikaamuru nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka mtoni ziondolewe. Basi aliyenusurika na maji akavunjiwa nyumba.

Kwa habari ya ardhi, Kibera ni fundisho la pekee. Wanubi, waliokuwa askari wa KAR na jamaa zao, walikaa huko tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakajenga, wakazaa, wakazika. Hati ya ekari 288 ilitolewa kwa jumuiya yao mwaka 2017. Ikiwa watu waliowekwa hapo na Serikali yenyewe walingoja miaka mia moja, mpangaji wa chumba kimoja ajue jinsi mwenye nyumba wake alivyo, pengine, mgeni kama yeye.

Nisingependa wanachama wadhani kwamba naandika haya kama mtu mwenye hekima. Nilipofika jiji hili nilipangisha chumba katika mtaa ambao sitautaja. Kodi ilikuwa rahisi kuliko mahali popote nilipouliza, na mwenye nyumba akataka ya miezi miwili mbele. Nilikwenda kukitazama mwezi wa Januari, saa nne ya asubuhi, jua likiwaka. Sikumwuliza jirani hata mmoja. Mwezi wa Aprili maji yaliingia usiku yakafika kwenye godoro, pamoja na cheti changu cha shule, ambacho mpaka leo kina alama ya tope. Jirani mmoja, mama muuza maandazi, aliniambia bila kucheka, "Mwanangu, chumba hicho hukaliwa na wageni tu. Sisi twakijua." Fedha ya mbele sikuirudishiwa.

Kwa sababu hiyo Kamati imekubaliana kwamba mgeni wetu asiende kutazama chumba peke yake. Wanachama wawili, mmoja wao awe mkazi wa upande huo wa jiji, wataandamana naye mara mbili: mara ya kwanza Jumapili mchana, ili waulize habari za maji, choo, na ardhi ni ya nani, mara ya pili siku ya kazi jioni, baada ya saa moja, waone taa za njia zilivyo, na ni watu gani wanaopita. Ataitembea njia ya kwenda kazini kwa miguu angalau mara moja, maana nauli ya matatu hupanda siku ya mvua, na chumba cha kodi ndogo kilicho mbali chaweza kumgharimu zaidi ya cha karibu. Hatatoa fedha ya mbele bila karatasi yenye jina la aliyeipokea. Tena atawauliza majirani swali ambalo mimi sikuliuliza: aliyekaa humu kabla yangu alihama kwa nini?

Majibu yataandikwa katika daftari, mtaa kwa mtaa, pamoja na kodi iliyotajwa na tarehe. Wazee waliokaa Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na Bahati wanaombwa wanipe habari zao za zamani ziandikwe kurasa za mbele, nami nitakuja nyumbani kwa kila mmoja wao atakaponiita. Daftari litakaa mezani pangu kila Jumapili baada ya mkutano, na mwenye kutaka kulisoma kwa ajili ya ndugu yake atapewa.