Jumuiya za uganga na mafundisho ya siri Kilimanjaro

Jumuiya za uganga na mafundisho ya siri Kilimanjaro ni koo, marika na vyama ambavyo kwa nyakati mbalimbali vimetunza, vimerithisha au vimetumia maarifa ya uganga, uaguzi, viapo na laana miongoni mwa Wachagga wa mlimani na wakazi wa mji wa Moshi. Kwa maana ya chama chenye wanachama, ada na ngazi za kupandishwa, mlima huu haujawahi kupata sifa ya Usukuma wala Pemba. Maarifa yalikaa kwenye ukoo, na ukoo ulikaa kwenye kihamba chake, yaani shamba lake la urithi. Kwa hiyo anayetafuta habari za jumuiya hizi atakutana zaidi na wazee wa koo, wahunzi na mamangi (watawala wa Kichagga) kuliko na vikao vya usiku.

Habari nyingi zilizopo zimetoka kwa waandishi wachache. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka 1938, aliandika juu ya sheria za Wachagga (1926), kisha majuzuu matatu ya mafundisho ya jandoni (1932 hadi 1938). Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza mjini Moshi, alitoa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Otto Raum aliandika juu ya malezi ya mtoto wa Kichagga mwaka 1940, na Sally Falk Moore juu ya sheria za kimila mwaka 1986. Mwenyeji aliyeandika kwa Kiswahili ni Petro Itosi Marealle, mangi mwitori wa Vunjo, ambaye kitabu chake Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera kilitoka 1947 na kuchapishwa upya na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Kutokana na hali hiyo, mambo ya Old Moshi na Vunjo yanajulikana vizuri, ya Siha kwa uchache. Rombo ilipata mtafiti wake wa uaguzi, Knut Christian Myhre, karne ya 21 ilipokwisha kuanza.

Koo na urithi wa uganga

Mganga wa Kichagga hakujiunga na chochote. Alizaliwa katika ukoo wenye uganga, akafuatana na baba au mjomba, akajifunza mitishamba na kusoma matumbo ya mbuzi aliyechinjwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kutambua ni nani kati ya warumu, yaani mizimu ya ukoo, aliyekasirika, na anataka nini. Jibu lilikuwa kwa kawaida mnyama na mbege, vikitolewa kihambani kwenye mimea ya masale, mahali ambapo zamani mafuvu ya wazee yaliwekwa baada ya mifupa kufukuliwa. Ruwa, yaani Mungu, hakusumbuliwa kwa kila jambo. Aliachiwa mambo makubwa.

Mate yalikuwa baraka. Mganga alitema mate juu ya mgonjwa, mzee alimtemea mtoto, na mgeni aliyekuwa akiondoka aliagwa vivyo hivyo. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona mlima huu Mei 1848, alirudi Machame mwaka uliofuata. Mangi Mamkinga wa huko alimpokonya bidhaa zake kidogo kidogo, na hata kutemewa mate ya kuagwa kulitozwa nguo. Simulizi ya Rebmann huenda ndiyo ya kwanza kuandikwa inayoonyesha uganga wa Kilimanjaro ukiwa na bei.

Wahunzi walikuwa jumuiya ya pekee. Chuma kilifuliwa na koo maalumu, na laana ya mhunzi iliyotamkwa kwa nyundo yake iliogopwa kiasi kwamba familia nyingi zilisita kuoana nao. Gutmann aliwaandikia makala nzima mwaka 1912. Anawaeleza kana kwamba walikuwa kundi la makuhani, jambo linaloweza kuwa limezidishwa kidogo, lakini hofu aliyoieleza ilikuwa ya kweli. Vilevile kulikuwa na wenye mfongo, yaani mfereji wa maji. Ukoo wa mtu aliyechimba mfereji ulikuwa na haki ya kutambika kwenye banio, na maji hayakufunguliwa bila wao. Hapa uganga na umwagiliaji havikutenganishwa, na mkulima aliyedharau tambiko alijua kwamba zamu yake ya maji ingepata matatizo, iwe kwa mizimu au kwa wazee wenyewe.

Chungu cha kuapiza

Chombo kilichoogopwa kuliko vyote mlimani ni chungu cha kuapiza. Hakikuwa mali ya kila mtu. Baadhi ya koo ndizo zilizokimiliki na kurithishana, na mtu mwenye lalamiko alikwenda kuomba huduma yao kwa malipo. Wizi wa ng'ombe, kuondolewa kwa mpaka wa masale, deni lililokanwa, mtoto aliyekufa ghafla: kosa lisilokuwa na shahidi ndilo lililopelekwa kwenye chungu. Laana ilitamkwa juu yake, kwamba aliyefanya tendo hilo, au anayemjua na kumficha, afe yeye na watu wa nyumba yake.

Nguvu ya chungu ilitokana na upana wake. Hakikumtaja mtu. Kilitangazwa, watu wakasikia, kisha kikaachwa kifanye kazi. Kifo chochote katika ukoo unaoshukiwa, hata cha mzee wa miaka themanini, kiliweza kuhesabiwa kuwa malipo ya kwanza. Kwa kuwa laana ilifuata damu, ndugu wasio na hatia walikuwa wa kwanza kumbana mwenzao akiri. Baada ya kukiri, fidia ililipwa na mwenye chungu akaitwa tena kukiondoa kiapo kwa mbuzi wa utakaso, naye akalipwa mara ya pili. Mtu mwenye mashaka anaweza kuuona utaratibu huu kuwa biashara nzuri. Hata hivyo ulikuwa pia mahakama ya watu ambao mangi asingewasikiliza, kwani mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake angeweza kuwatisha kwa chungu pale ambapo baraza lingempuuza.

Moore, aliyefanya utafiti Vunjo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuta hofu ya laana ingali hai miongoni mwa watu waliobatizwa, wenye kahawa na watoto walioko sekondari. Hakuyaona mambo hayo kuwa mabaki ya kale. Ardhi ilikuwa imekwisha, ndugu walikuwa wakigombea vihamba vilivyogawanywa hadi kuwa vipande, na tuhuma za usawi, yaani uchawi, zilifuata mipaka ya magomvi hayo. Aliyeshutumiwa mara nyingi alikuwa wa karibu: kaka, wifi, mke mwenza.

Kiapo cha kunywa dawa mbele ya mangi pia kilikuwepo, kikakoma mapema zaidi kwa sababu kilifanywa mahali ambapo serikali ya kikoloni ilikiona.

Ngasi

Taasisi iliyokaribia zaidi chama cha siri ni ngasi, mafunzo ya rika la vijana wa kiume porini baada ya tohara. Vijana walikaa mbali na wanawake, wakapewa majaribu ya njaa, baridi na kipigo, na wakafundishwa kwa mregho, fimbo iliyochorwa alama ambazo mwalimu alizifuata moja baada ya nyingine akieleza mimba, uzazi, heshima na makatazo. Gutmann aliyaandika mafundisho hayo kwa urefu wa kushangaza, na bila yeye sehemu kubwa ingepotea. Wasichana walikuwa na mafundisho yao, ambayo Raum aliyaandika katika makala ya mwaka 1939.

Siri kuu ya wanaume iliitwa ngoso. Mwanamume aliyepitia jando alidaiwa kuwa ameshindiliwa na kushonwa nyuma, hivyo haendi haja kubwa tena kama wanawake na watoto. Kila mwanamume aliapa kuitunza siri hiyo na kujificha ipasavyo. Wanawake, kwa mujibu wa waandishi, waliijua vyema nao walifundishwa kutosema kwamba wanajua. Wataalamu wameandika kurasa nyingi kuhusu maana ya jambo hili, juu ya mwili uliofungwa wa mwanamume na mwili ulio wazi wa mwanamke. Wachagga wazee wakiulizwa hucheka kwanza. Iwe maana yake ni ipi, ngoso ilitimiza kazi ya siri za vyama vyote vya namna hii: iliwatenga walioingizwa na wasioingizwa, na kuwafunga wa kwanza kwa aibu ya pamoja.

Ngasi ilizimwa chini ya ukoloni, kwa shinikizo la serikali na misheni. Gutmann, kinyume na wamisionari wenzake wengi, alisikitika. Alichukua mfumo wa rika na kuuweka ndani ya usharika, vijana wa kipaimara wakiunganishwa kama ndugu wa ngao.

Mamangi na waganga wa kigeni

Kila mangi mwenye nguvu alikuwa na waganga wa vita na wa mvua. Biashara ya misafara ilileta na wengine kutoka pwani. Rebmann alimkuta Mswahili aliyekaa kwa mangi miaka kadhaa kama mganga wake, hivyo uganga wa vitabu na hirizi ulitangulia Injili mlimani. Chini ya Rindi wa Moshi, aliyejulikana pwani kwa jina la Mandara na kufariki 1891, na Sina wa Kibosho, aliyefariki 1897, dawa ya mgeni ilithaminiwa kama bunduki yake. Mtindo huo haujafa: hata leo mganga anayesifiwa Moshi ni wa kutoka mbali.

Misheni na sheria

Kanisa lilifika kwa njia tatu: Waanglikana wa CMS mwaka 1885, Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu kuanzia Kilema miaka ya mwanzo ya 1890, na Walutheri wa Leipzig mwaka 1893. Wote walikataza matambiko. Wote walishindwa kuyamaliza, ingawa waliyahamishia usiku.

Serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, ambayo bado imo katika vitabu vya sheria kama Sura ya 18. Humtia hatiani anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtuhumiwa ahamie mahali pengine. Ni sheria inayokataa kusema kama uchawi upo, ilhali inaadhibu wanaoufanya.

Majirani

Kwa kulinganisha, Wapare walikuwa na misitu ya jando iliyoitwa mshitu, ambayo Isaria Kimambo ameieleza katika historia yake ya mwaka 1969. Usambara ulikuwa na Wakilindi, ukoo wa watawala walioaminika kuwa na uganga wa mvua. Usukuma ndiko kulikokuwa na vyama halisi: Wayeye, mafundi wa nyoka walioandikwa na Hans Cory miaka ya 1940, Waswezi wa mizimu ya kupagawa, na vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu, vilivyotokana na ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, na ambavyo hadi leo hushindana kwenye sikukuu ya Bulabo huko Bujora. Upande wa Unguja na Pemba, simulizi za Giningi zimewapa wachawi mji wao wenyewe, na Said Ahmed Mohamed akaugeuza kuwa mandhari ya tamthilia yake Kivuli Kinaishi. Hakuna Giningi ya Kichagga.

Vyama vya waganga baada ya uhuru

Chama chenye katiba na kadi kililetwa na serikali. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 ikaunda baraza la kusajili waganga. Anayetaka kusajiliwa hupitia serikali yake ya mtaa au kijiji na mratibu wa halmashauri. Vyama kama CHAWATIATA huwasemea waganga na wakunga, na huwatenga kwa maneno makali na wapiga ramli. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyohusishwa na wapiga ramli, yalifanya utengano huo kuwa wa lazima: serikali ilipiga marufuku waganga mwaka 2009, na tena Januari 2015 ikawalenga wapiga ramli chonganishi.

Mwaka 2011 Wanakilimanjaro wengi walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa KKKT Ambilikile Mwasapila, aliyetoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Hakuwa mganga wa kienyeji wala hakudai hivyo. Vikombe vingine vilizuka mikoani baada yake na kutoweka haraka.

Freemason

Kwa kijana wa Moshi wa leo, neno chama cha siri humaanisha Freemason. Chama hicho kipo Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na kiongozi wake aliyejulikana zaidi, mfanyabiashara Sir Andy Chande (aliyefariki 2017), alizungumza juu yake waziwazi na kukitaja katika kumbukumbu zake za mwaka 2005. Chama cha Chande cha chakula cha jioni na misaada hakifanani na kile cha mitaani kinachotoa utajiri kwa kafara ya ndugu. Ujumbe wa simu unaomwalika mtu kujiunga kwa kutuma ada ni utapeli, na polisi wamelionya hilo mara nyingi. Inafaa kuzingatiwa kwamba tuhuma za zamani za usawi na hizi za Freemason huangukia watu wale wale: aliyetajirika haraka na hakugawa.

Hali ya sasa

Mabango ya waganga wa Tanga, Pemba na Sumbawanga hubandikwa kwenye nguzo za umeme mjini. Matambiko ya kihambani hufanywa zaidi mwezi wa Desemba, wanaukoo wanaporudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko kula sikukuu, na mengi yao yamekuwa chakula cha familia na mbege baada ya ibada.