Bei ya Vitu Kasongo na Kabambare

Mara nyingi twasikia kwamba watu wa Kabambare wana zahabu, basi watoe sadaka kupita wa Kasongo. Wenye kusema hivi wamehesabu feza, hawakuhesabu njia.

Zamani za Waarabu misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikapita Kabambare mbele ya kufika Kasongo kwa Tippu Tip. Kila siku ya safari wapagazi walikula posho, na bei ya nguo ikapanda. Kabambare ilikuwa mulango.

Mwaka wa 1910 mambo yakageuka. Njia ya gari la moshi kati ya Kindu na Kongolo ikafunguliwa ngambo ya Lualaba. Vitu vikafika toka magharibi, na Kabambare ikawa mbali. Mwaka ule ule serikali ikaagiza kodi ya feza. Wengi wa Kasongo waliipata kwa pamba (kwa lazima, tangu 1917, tusisahau fimbo). Wengine wa Kabambare walitafuta mushahara migodini.

Leo muchimbaji wa Salamabila aweza kushika feza nyingi kwa siku moja. Lakini sabuni na chumvi zimemufikia kwa pikipiki, katika matope. Mama mulimaji wa Kasongo, mwenye feza kidogo, anapika muchele wa shamba lake.